Aliyelipia Kiti Akasimama

Mchungaji Phares alitia mkono mkobani akatoa Biblia. Akautia tena, akatoa miwani. Mara ya tatu alitoa leso akajifuta jasho ambalo punde tu halikuwapo, na watu waliojaa Ukumbi wa Nyota pale mtaa wa Jericho, Nairobi, wakaanza kutazamana. Jukwaani Lorraine alikuwa amepiga magoti, bado amevaa gauni la mchezo, macho ameyafumba, viganja amevikinga. Alikuwa akingoja pasipoti yake iwekewe mikono.

"Haimo," mchungaji alisema. Alitaka kunong'ona, lakini kipaza sauti kilikuwa mdomoni pake, na ukumbi mzima ukasikia.

Ilikuwa Jumapili, jua likielekea kuzama. Jumanne usiku Lorraine alitakiwa kupanda ndege kwenda kuingia kazini kwenye meli ya watalii, mojawapo ya zile meli kubwa kama mtaa, zenye ukumbi wa maigizo ndani yake. Alikuwa amepata mkataba wa kuigiza na kuimba humo. Bahasha iliyopotea ilikuwa na pasipoti yake na kitabu chake cha baharia, na wakala alikuwa amemwambia wazi kwamba meli haingoji mtu: asipofika, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Wala usiulize pasipoti ilitafuta nini ukumbini. Huku Eastlands, mashariki ya jiji, mtu hapandi ndege kabla pasipoti haijaombewa. Mchungaji Phares hupenda kujisifu kwamba amezishika pasipoti nyingi kuliko maafisa wa uhamiaji.

Sajini Aoko wa upelelezi alifika na Konstebo Kitonga kabla watu hawajaanza kusukumana mlangoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzito wa mwili na mwepesi wa mdomo, aliyewahi kuuza chapati soko la Muthurwa kabla ya kuvaa sare. Muthurwa ilikuwa imemfunza mambo mawili: anayelia sana mchunguze, na asiyelia kabisa mchunguze pia. Alikuta milango imefungwa, akina mama wa kanisa wakipekua kila mkoba, kila koti, hata nepi za watoto. Hakuna aliyetoka bila kupapaswa. Yeye na Kitonga wakapekua ukumbi wenyewe: jukwaa, chini ya jukwaa, mabenchi, masanduku ya nguo za michezo, choo. Bahasha haikuonekana.

Kilichomshangaza Aoko ni mstari wa mbele. Mbele ya mabenchi yaliyokwanguka rangi palikuwa na viti saba vya sofa, vyekundu, vinene, kila kimoja na kimeza chake, soda na sahani ya mandazi.

"Hii nayo ni nini?" aliuliza. "Harusi?"

Aliyevileta viti alikuwa Wakoli, aliyefanya kazi melini miaka minane na kurudi nyumbani mwezi wa Septemba akiwa na viatu vinavyong'aa. Yeye ndiye aliyempigia debe Lorraine kule melini, na ndiye aliyeandaa onyesho hili la kumuaga. Kazi yake huko ilikuwa kuwaonyesha abiria viti vyao ukumbini. Alimweleza Aoko kwamba abiria wote huwa wameshalipia mchezo ndani ya nauli, na anayetaka anaingia bure. Lakini wapo wanaolipa tena, juu ya nauli, wakae mbele, waletewe kinywaji na waingie kabla ya wenzao.

"Mchezo uleule, Afande, meli ileile," alisema. "Lakini mtu akipita mbele ya wenzake waliopanga foleni, anatembea kama amezaliwa upya."

"Na meli ikizama, wa mbele ndio wanaookolewa kwanza?"

"Hapo, Afande, wote ni benchi."

Aoko alicheka, lakini jicho lake halikucheka. Wakoli alikuwa ameleta Jericho mtindo uleule: viti amevikodi kwa fundi wa sofa Ondiek wa Kware, na kuketi ni bei mara tatu ya benchi. Vilikwisha vyote. Akina mama waliozoea kukaa mbele tangu ukumbi ujengwe walisogezwa nyuma, na walikuwa bado wamevimba.

Sasa sikiliza jinsi ukumbi ulivyopangwa, maana kesi yote imo humo. Upande wa kushoto wa jukwaa pana mlango mdogo wa stoo. Stoo haina dirisha, haina mlango mwingine, na mlango wenyewe unafunguka kuja ukumbini. Ukutani kando ya mlango huo ziko swichi za taa. Kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu, kiti namba moja kilisukumwa kikauegemea mlango wa stoo, hata usingeweza kufunguka mpaka kiti kisogezwe. Mchungaji aliona hiyo ndiyo kufuli. Kabla ya onyesho aliweka mkoba wake stooni, kiti kikarudishwa, naye akawatangazia watu kwa mzaha kwamba bahasha ya binti yao inalindwa na kilo zote za Luseno.

Luseno, mchomeleaji wa mageti kutoka Njiru, jitu la mtu, ndiye aliyelipia kiti namba moja. Ila hakukikalia. Mashahidi zaidi ya kumi walisema aliingia, akafika karibu na kiti, akageuka kama aliyeona nyoka, akaenda kusimama nyuma kabisa kando ya mlango mkubwa mpaka mchezo ukaisha.

Aoko alimketisha kwenye benchi.

"Ulilipia kiti?"

"Nililipia, Afande."

"Kwa bei ya mabenchi matatu. Halafu ukasimama mchezo mzima."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Luseno aliangalia viatu vyake. "Kile kiti kilikuwa na baridi."

"Sofa hiyo?"

"Ilikuwa na baridi, Afande."

Hata Kitonga, ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka, aligeuka akakohoa. Aoko aliuliza hivi, akauliza vile, akabembeleza, akatisha. Yule mtu alitokwa na jasho, akajibu kwa adabu, lakini hakutoa neno jingine. Kitonga alimnong'oneza bosi wake kwamba mambo yako wazi: huyu amelipia mlango, akauacha wazi kwa mwenzake, akaenda nyuma kuchunga. Wawili hao walikuwa na mpango. Aoko hakuipenda hoja hiyo, lakini hakuwa na nyingine, na Luseno akatiwa pingu.

Kabla ya kuondoka alizungumza na wengine wawili. Wa kwanza alikuwa Ryan, mpenzi wa Lorraine, ambaye mtaa mzima ulijua hakutaka msichana huyo asafiri. Aoko alimwendea akiwa na matumaini makubwa. Bahasha ilikuwa imeibiwa, kwa vyovyote, wakati wa dhoruba: sehemu ya mchezo ambapo taa zote zilizimwa, kwaya ikaimba wimbo wa mabaharia gizani, na mtu akapiga mabati nyuma ya pazia iwe radi. Mpiga mabati alikuwa Ryan.

"Sasa kama mimi ndio niliiba, madam, hiyo radi ilikuwa inapigwa na nani?" Ryan aliuliza. "Watu wote walisikia. Na leo nimepigishwa hizo mabati kama punda. Kwa mazoezi ni beti mbili, taa zinarudi. Leo tumeimba mbili, tukarudia, bado ni giza tu. Mkono umekufa ganzi, cheki."

Aoko aliutazama mkono, akamwambia aupake mafuta ya taa, akampita. Kijana anayelalamikia kazi hakumshtua.

Wa pili alikuwa Mwalimu Andati, mwenye kundi la maigizo. Ndiye aliyemfundisha Lorraine kusimama jukwaani tangu akiwa shule ya msingi, na saa hiyo alikuwa amemshika bega akimtuliza, kofia yake mkononi, uso umemshuka. Taa za mchezo alizishughulikia yeye mwenyewe, hakumwachia mtu. Alisema gizani hakuona kitu wala hakusikia kitu, kwa radi ile.

"Na huyu Luseno, Mwalimu? Unamfahamu?"

"Namfahamu. Ni mtu mzuri."

"Mbona aliacha kiti alicholipia?"

Andati alitikisa kichwa pole pole. "Sijui, Afande. Nilimwona amesimama kule nyuma hata kabla pazia halijafunguliwa. Sijui kabisa ni kwa nini. Labda yeye mwenyewe atakuambia."

Kitonga aliandika, Andati akatia sahihi. Ukumbi ukafungwa, askari mmoja akaachwa mlangoni.

Jumatatu asubuhi Lorraine alikuwa kituoni kabla ya Aoko. Hakulia. Alikuwa amesuka nywele za safari na ameshaagana na mwenye nyumba. Kazi aliyokuwa nayo dukani ameiacha, chumba kimeshapata mpangaji mwingine. Pasipoti mpya ingechukua wiki kadhaa, viza zaidi. Alieleza hayo yote kwa utulivu, kama msichana anayesoma sehemu ya mtu mwingine, kisha akasema, "Afande, sitaki pole. Zimenitosha. Nataka kujua kama nifungue begi au nisifungue."

"Usifungue kwanza," Aoko alimwambia, akajishangaa kwa nini amesema hivyo.

Alijiuliza ni nini Luseno alikiona pale mbele. Kiti chenyewe hakikuwa na dosari. Basi labda alimwona aliyekaa karibu nacho. Kiti namba mbili kilikaliwa na mama mmoja wa kanisa, Asenath, muuza mboga wa Kware, na yeye hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote zaidi ya kupekua mkoba wake.

Nyumba za Kware zimesimama kama zinasukumana, na Asenath aliishi ghorofa ya tano ya mojawapo. Aoko alimkuta chini bombani. Yule mama alijitwisha mtungi wa maji, akashika mwingine mkononi, akapanda ngazi akiongea njia nzima kuhusu bei ya sukuma wiki. Sajini, aliyebeba kalamu tu, alifika juu dakika kadhaa baadaye akihema kama amekimbizwa na mbwa.

"Kunywa maji, mwanangu," Asenath alisema. "Nyinyi wa magari mnaoza magoti."

Walipoketi, Aoko aliuliza kuhusu kiti. Mama alisifia mandazi, akasema hakulipia. Aliambiwa mlangoni kwamba amepandishwa daraja, atoke benchi akae mbele, kama wazungu wa melini. Alifurahi mpaka alipoona ni nani anayekuja kukaa kando yake. Hapo sauti yake ikashuka.

"Ni mkwe wangu. Luseno amemuoa Muhonja wangu."

Aoko alikiweka kikombe chini. Kwa Waluhya, kama ilivyo kwa Wajaluo wa kina Aoko, mwanamume hakai bega kwa bega na mama mkwe wake. Hamkazii macho, hali naye sahani moja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja hutafuta kichaka. Nairobi ina njia nyembamba nyingi na vichaka vichache, lakini wenye adabu zao hujikaza hivyo hivyo. Basi ndio hiyo baridi ya sofa. Na mtu huyo ameona heri alale rumande kuliko kusema jina la mama mkwe wake mbele ya polisi, mama aitwe shahidi, aje amkute mkwewe na pingu.

Ilimdhihirikia pia kwamba Asenath hakuwa amesikia habari za pingu. Akaumeza ulimi.

"Aliporudi kitini, ulimsemesha?" aliuliza kwa kubahatisha.

"Nani? Aa, ile wakati wa giza. Hapo ndipo nilipoona aibu, mwanangu. Nilisikia kiti kinasogezwa. Nikasema moyoni, amechoka kusimama, amerudi. Nikajifunika leso uso mzima, nikageukia huku, nisije nikamtazama. Taa ziliporudi, hakuwapo. Nikamshukuru kwa adabu yake."

"Hukumwona aliyesogeza kiti."

"Ningemtazamaje?"

Mtu wa pekee aliyekuwa hatua moja kutoka kwa mwizi alikuwa amejifunika uso, na amejifunika kwa sababu ya heshima. Desturi ile imemfanyia mwizi kazi mara mbili: imemwondolea mlinzi mlangoni, kisha imemfumba macho shahidi. Hilo halikuwa jambo la bahati. Kuna mtu aliyewapanga wale wawili pamoja akijua watakavyofanya.

"Mama, ndoa hii ni ya siku nyingi?"

Walikaa kinyumba muda mrefu, Asenath alieleza, lakini mahari imepelekwa kijijini kwao Vihiga mwezi wa nane tu. Kabla ya hapo yeye na Luseno hawakuwa wakwe wa kuogopana. Sherehe ilikuwa nzuri, hakuna aliyekosewa heshima. Msemaji wa upande wa mume aliwapanga vizuri, wakwe huku, wazazi kule, hata sufuria hazikukutana.

"Msemaji alikuwa nani?"

"Si ni Mwalimu Andati wa michezo! Ana mdomo wa asali yule."

Aoko alishuka ghorofa tano asihesabu hata ngazi moja. Lakini hakukimbilia kwa Andati. Aliyegawa viti ni Wakoli, na mtu anayerudi kutoka majuu na viatu vinavyong'aa anaweza kuuza pasipoti ya msichana kwa bei nzuri tu. Akamfuata hadi kibandani alikokuwa akinywa chai, akamuuliza bila salamu kwa nini alimpandisha daraja yule mama, akawaacha akina mama wengine kwenye mabenchi.

Wakoli alisema melini kiti cha mbele kisichouzwa hakiachwi wazi. Humpandisha abiria mmoja wa nyuma, apige makofi kwa bidii. Namba mbili ilibaki wazi baada ya mnunuzi mmoja kujitoa.

"Ukamchagua wewe?"

"Mimi nawajua wangapi hapa, Afande? Nimekuwa baharini. Mwalimu ndiye aliniambia, mpe yule mama, magoti yake yanamsumbua, benchi litamuua."

"Magoti."

"Ndiyo. Nikaona ni utu."

"Na unajua Luseno ni nani kwa yule mama?"

Wakoli alimtazama kama aliyeulizwa swali la hesabu. Hakujua, na Aoko, aliyekwishatazama nyuso nyingi za waongo, aliridhika kwamba hajui. Alimwacha na chai yake, akasimama kando ya barabara akiyapanga mambo. Magoti yale aliyaona kwa macho yake yakipanda ngazi na mitungi miwili. Dhoruba ilirefushwa, na mwenye swichi ni mmoja. Lakini kilichomkera zaidi ni lile jibu la Jumapili. Mtu aliyesimama Vihiga akawatenganisha wakwe hawa kwa mdomo wake mwenyewe, amewaona wamewekwa kiti kwa kiti, amemwona mkwe akikimbia, halafu anaulizwa kwa nini naye anasema sijui. Mluhya yeyote mwenye mvi angecheka akajibu. Neno moja lingemtoa Luseno pingu, na Andati alilimeza.

Ila kushuku si kushika. Bahasha iko wapi? Watu walipekuliwa, na Andati alipekuliwa pamoja nao. Ukumbi ulipekuliwa, ukalindwa. Ni kitu gani kilichotoka bila kupapaswa? Aoko alijipiga paji la uso, akampigia simu fundi Ondiek.

"Ndiyo, dada, viti vimerudi asubuhi hii, askari wenu wa mlangoni aliniruhusu nivichukue," Ondiek alisema. "Vyote saba. Halafu vina bahati, kimoja kimeshapata mteja. Mwalimu Andati anakitaka tena, ana maombi nyumbani kwake. Ila ana mambo. Nimemwambia vyote ni sawa, achukue kilicho karibu. Hataki. Anataka kile kilichochomwa na pasi mkononi."

"Hicho chenye alama kilikuwa namba ngapi?"

"Namba moja. Nilikiweka ukutani ili alama isionekane."

Alasiri ile Mwalimu Andati aliingia karakana ya Ondiek akifuatwa na mtu wa mkokoteni. Viti sita vilikuwa vimepangwa kando ya ukuta. Cha saba kilikuwa katikati ya uwanja, kwenye kivuli, na Sajini Aoko alikuwa amejaa ndani yake na soda mkononi.

Andati alisimama. Kisha akavua kofia. "Umechoka leo, Afande."

"Nimelipia ziada, Mwalimu. Acha nikae."

"Nilikuwa nimeweka oda ya hicho."

"Vipo sita vingine, ndugu zake wa toka nitoke. Chagua."

Hakuchagua. Mtu wa mkokoteni aliangalia huku, akaangalia kule, akageuza mkokoteni wake akaenda bila kudai hata ya maji.

Aoko alimweleza pole pole, huku akinywa. Jinsi alivyomtafutia Asenath magoti mabovu. Jinsi alivyozima taa na kuchelewa kuziwasha, akasogeza kiti, akachukua bahasha mkobani, akaichomeka kwenye mwanya kati ya mto na mgongo wa kiti kilekile, kwa kuwa alijua watapekuliwa watu wala si sofa. Alijua pia kwamba yule mama hatageuka kumtazama. Alipofika hapo alitia mkono nyuma ya kiuno chake akaitoa bahasha. Kutoka nyuma ya kibanda cha mbao wakatokea Kitonga na Luseno, na nyuma yao Wakoli na Lorraine.

Andati hakumtazama mwingine yeyote ila msichana.

"Usingeichana," Lorraine alisema. Ilikuwa nusu swali.

"Ningekurudishia. Jumatano."

"Meli ikishaondoka."

"Meli huja nyingi." Alianza kuizungusha kofia mikononi. Alisema alilianzisha kundi lile ukumbi ukiwa ghala la saruji. Amefundisha watu kupaza sauti bila kipaza sauti, kulia bila kitunguu. Mmoja amekwenda kuuza simu, mwingine yuko Qatar analinda geti, mwingine ameokoka anasema maigizo ni dhambi. Amebaki na mmoja tu anayeweza kuujaza ukumbi. "Halafu anakuja huyu na viatu vyake," alisema, akimwonyesha Wakoli kwa kidevu, "anawasukuma nyuma akina mama waliotulea, anawauzia watu viti vya mbele, nao wanafurahi. Kumbe anakuuza wewe. Huko melini utawaimbia watu wanaotafuna. Wa mbele wamelipa zaidi ili watafune karibu na uso wako."

"Najua," Lorraine alisema. "Wakoli aliniambia yote. Nilitaka kwenda hivyo hivyo."

"Hujui."

"Mwalimu, hukuniuliza."

Luseno, aliyekuwa akisugua viganja vyake, alikohoa. "Na mimi je, Mwalimu? Ulinisemea mahari. Ulikula kuku wangu."

Andati alimgeukia Aoko, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mtu anayejiamini. Alisema anajua kidogo sheria. Bahasha ile ikiandikwa kielelezo cha wizi, itakaa kwenye kabati la kituo mpaka kesi isikizwe, na kesi za Nairobi zinajulikana mwendo wake. "Ukinishtaki, Afande, haendi. Ukimpa aende, huna kesi. Vyovyote utakavyofanya."

Aoko alimtazama kwa makini. Alijiuliza kama hilo limemjia sasa hivi, au alilala nalo tangu siku alipowapanga wakwe. Hakuweza kujua, na hata baadaye hakuwahi kujua. Lorraine naye alikuwa amenyoosha mkono kuelekea bahasha, na mkono ukabaki hewani.

"Chukua," Aoko alimwambia.

"Na kesi?"

"Hakuna kesi ya bahasha. Mimi sijaona bahasha, nimeona sofa." Aliinuka, sofa ikapumua. "Mwalimu, Jumapili nilikuuliza kwa nini Luseno aliacha kiti. Ulisema hujui, Kitonga akaandika, ukatia sahihi. Mtu amelala rumande kwa ajili ya neno hilo. Kumpa polisi habari za uongo ni kosa linalojitegemea, halidai pasipoti ya mtu kabatini. Mashahidi ninao, wote walikula Vihiga."

Kitonga alimsogelea Andati na pingu zilezile zilizokuwa zimemfaa Luseno, na ikabidi azikaze, maana mikono ilikuwa miembamba.

Luseno aliuliza swali moja tu, akiwa amemwinamia sajini: je, mama amejua alikolala?

"Si kutoka kwangu," Aoko alisema, na lile jitu likashusha pumzi.

Lorraine alifungua bahasha. Alitazama picha yake, akafunua ukurasa wa viza, akapekua kitabu cha baharia karatasi moja moja. Kisha akavirudisha vyote, akatia bahasha kifuani ndani ya blauzi, akamwambia Wakoli kwamba bado hajanunua kufuli ya begi. Wakaanza kuelekea lango.

"Atageuka," Andati alisema. Hakumwambia mtu yeyote. "Ndiyo kitu cha kwanza nilichomfundisha. Ukitoka jukwaani, mlangoni unageuka, watu wakuone uso. Hajawahi kusahau."

Aoko naye, na Kitonga, na Luseno, wakajikuta wanatazama. Lango la Ondiek ni la mabati, fupi. Lorraine alipolifikia aliinamisha kichwa asijigonge, akapita. Nyayo zake zilisikika kidogo kwenye kokoto za nje, halafu zikapotea katika kelele za Kware, na Mwalimu Andati aliendelea kulitazama lango hadi Kitonga alipomgusa kiwiko.